Michoro ya miambani na mawe yenye alama: wazee wenu waliwaambia nini? Tupeane uzoefu

MwanaKolo

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Nimezaliwa Kolo, Kondoa, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Babati. Wengi mnapita hapo na basi, mnaona kibao cha michoro ya miambani, safari inaendelea. Mimi kilima kile nilikipanda na bibi mzaa mama tukienda kutafuta kuni, na huko ndiko nilikojifunza kunyamaza. Ukikaribia Mungomi, mwamba wenye michoro pale kilimani, hupigi mluzi, humwiti mtu kwa jina, na hunyooshi kidole. Ukitaka kumwonyesha mwenzako picha, unaonyesha kwa kidevu.

Picha zenyewe za zamani ni nyekundu, rangi ya jiwe lenye chuma lililosagwa. Watu warefu, wembamba, vichwa vimefura kama wamejifunga kitu. Kuna moja nimeitazama kuliko picha yoyote iliyowahi kutundikwa nyumbani kwetu: watu watano, wa katikati anavutwa mikono, wawili huku, wawili kule. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyepiga kambi Kondoa mwaka 1951 kunakili michoro, aliona mwanamke anayegombaniwa. Bibi alikuwa na yake. "Huyo hagombaniwi. Huyo kapandisha, wenzake wanamshika asianguke." Bibi hakuwahi kuingia darasani. Nimekuja kusikia ukubwani kwamba wapo wataalamu nao wanaoihusisha michoro hii na ngoma za kupandisha, nikatamani angekuwa hai nimwambie.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Wazee wakapanda na kondoo mweusi, unga na pombe ya uwele. Sisi watoto tuliachwa chini ya mti na maagizo tusitazame juu. Nyama iliishia hukohuko, hata mfupa haukurudi kijijini. Pombe nyingine ilimwagwa chini, nyingine ikarushwa ukutani. Hapo kwenye kurusha ndipo penye ugomvi hadi leo. Wahifadhi wanasema pombe inaharibu rangi, na ni kweli, nimeona kwa macho yangu ukuta ulivyopauka. Wazee wanauliza: kabla ya hicho kibao cha barabarani, nani alikuwa akipatunza hapa? Na hilo nalo ni kweli. Mimi naona mzee akikalishwa na kuelezwa kwa heshima, atamwaga chini na mambo yataisha. Nilichoshuhudia mimi ni kijana mgeni kumfokea mzee wa miaka themanini mbele ya wajukuu zake. Iliniuma sana.

Eneo letu liliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, kilomita za mraba 2,336. Miamba yenye michoro wanaikadiria kati ya 150 na 450. Yaani bado haijulikani yote iko wapi, na wanaojua njia ni hawa wazee wanaoondoka mmoja mmoja. Ndiyo sababu ya uzi huu. Michoro, alama za kuchonga, nyayo juu ya jiwe, chochote. Ulisikia nini, kwa nani, na ulipofika mwenyewe uliona nini?

Mchimbaji Mstaafu

Mkuu MwanaKolo, nimesita kuandika, lakini acha niseme.

Unazijua "mali za Mjerumani". Kila mahali Tanzania utaambiwa Mjerumani alipokimbia vita alificha dhahabu na rupia, akaacha alama kwenye mawe. Mjomba wangu aliamini hivyo kwa moyo wote. Alikuwa na daftari amechora alama: mshale, msalaba, kobe. Siku aliposikia kuna miamba ya Kondoa yenye michoro, akasema hiyo ndiyo ramani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa wanne na mtaalamu mmoja mwenye kioo na ubani, aliyekula pesa ya ng'ombe wawili wa mjomba kabla jembe halijagusa ardhi.

Tulichimba usiku tatu chini ya jiwe lenye michoro, sitasema lipi. Shimo lilinifika kifuani. Kilichotoka: majivu, mkaa, mifupa midogomidogo, vipande vingi vya mawe meupe vyenye makali, na vitu vya duara vyeupe, vidogo kuliko kifungo cha shati, vina tundu katikati. Mtaalamu akasema hizo ni kinga za jini, tuzitupe mbali. Tukazitupa kwenye korongo. Moja nikaitia mfukoni, sijui kwa nini.

Mjomba alikufa na deni. Mtaalamu hatukumwona tena.

MwanaKolo

@Mchimbaji Mstaafu, asante kwa kusema. Na hamkuwa peke yenu, hata pale Mungomi kuna shimo la watafuta dhahabu.

Hivyo viduara ni shanga za ganda la yai la mbuni. Mtu alikaa akavunja ganda, akatoboa kipande kimojakimoja, akakisugua kwenye jiwe mpaka kikawa mviringo. Kisese, hapohapo Kondoa, palichimbwa kitaalamu mwaka 1956 na Ray Inskeep, na vipimo vya karibuni vimeonyesha shanga za pale zinafika zaidi ya miaka 40,000. Udongo chini ya jiwe umelala tabaka kwa tabaka, la chini ndilo la kale. Ukishauchanganya kwa jembe, hakuna wa kuupanga tena. Mjerumani alikuja juzi tu, mkuu.

Dereva wa Lodwar

Hamjambo huko Bongo. Mimi ni wa Turkana, napiga njia ya Lodwar kwenda Kalokol. Karibu na Kalokol, kando tu ya barabara, kuna mawe meusi kumi na tisa yamesimamishwa ardhini, mengine yameinama kama wazee waliochoka. Tunapaita Namoratunga, watu wa mawe.

Hadithi niliyopewa na babu ni hii. Hao walikuwa watu wanacheza ngoma. Akaja mgeni asiyejulikana, akaingia kucheza nao, na uchezaji wake ulikuwa wa ajabu. Akawaonya wasimcheke. Wakajizuia, wakajizuia, mmoja akashindwa, wote wakaangua kicheko. Wakageuka mawe palepale walipokuwa wamesimama. Mgeni mwenyewe alikuwa pepo.

Babu alikuwa hapiti pale bila kuokota kijiwe na kukiweka juu ya mmoja wao. Ukifika leo utaona vichwa vya yale mawe vimejaa vijiwe. Nilimuuliza ni vya nini, akaniambia, "Unapita kwa watu bila kuwasalimu?" Mimi pia naweka. Kuna abiria wananung'unika nikisimamisha gari, siwasikizi.

Wasomi wamevutana sana juu ya mahali hapa. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika kwamba mawe yamepangwa kufuata nyota, ni kalenda ya miaka kama 300 kabla ya Kristo. Baadaye utafiti wa nguzo kama hizi kando ya Ziwa Turkana umezirudisha nyuma hadi karibu miaka 5,000, kwa wafugaji wa kwanza kufika huku, waliozika wafu wao katikati ya nguzo. Lililonigusa zaidi ni hili: upande wa Lokori kuna makaburi yanayoitwa jina hilohilo, Namoratunga, na mawe yake yamechongwa alama zinazofanana kabisa na chapa tunazochoma ng'ombe hadi leo. Nilipelekwa na mzee mmoja, akapitisha kidole hewani, bila kugusa, akifuata mchongo mmoja. Akasema, "Hii ni ya ng'ombe za kina fulani." Ukoo anaoujua! Mchongo wa zamani hivyo, na mzee anausoma kama anasoma namba ya gari.

Mama Pacha Kumi

Mimi niko Kumi, mashariki ya Uganda. Hapa tuna michoro ya miamba ya Nyero. Ni miduara, duara ndani ya duara, nyekundu, na maumbo marefu ambayo watu husema ni mitumbwi. Sisi Wateso tulipofika tuliikuta, kwa hiyo wazee hawadai kuwa ndio walioichora.

Nilikaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto. Mama mkwe akanipeleka Nyero alfajiri, akaniambia niweke sarafu kwenye ufa wa jiwe, niombe, nishuke bila kugeuka nyuma. Nikaweka. Wanangu pacha leo wako darasa la tano. Sibishani na mtu kuhusu hilo, nimeeleza yaliyonipata.

Kinachonikera ni wageni wa picha. Wanamwagia maji ya chupa ukutani ili wekundu ukolee kwenye simu. Maji yanakauka, yanaacha ukungu mweupe wa chumvi juu ya rangi. Nimewasihi zaidi ya mara moja.

Nǃ_wa_Farkwa

Wasandawe tupo, msitusahau. Watu huongea kuhusu michoro kana kwamba wachoraji walikufa wote zamani za kale. Upande wa babu yangu palikuwa na mzee aliyejua nani alichora nini kwenye jiwe fulani, kabla ya kwenda kuwinda. Na ile simbo, ngoma ambayo mtu anapandisha na kuwa simba, niliiona nikiwa mdogo mgongoni kwa dada. Nakumbuka vumbi na sauti, basi.

Bibi yako aliona sawa, MwanaKolo. Kwenye Kisandawe mtu wa namna hiyo ana jina lake, haitwi "anayegombaniwa".

Mnafahamu pia kwamba mwaka 2018 yalionekana mawe mengine yenye michoro ndani ya pori la akiba la Swaga Swaga? Kuna watu watatu wenye vichwa kama vya nyati. Miaka yote hiyo walikuwa wametulia tu.

BintiMfangano

Kisiwani kwetu Mfangano, Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuna michoro sehemu mbili, Kwitone na Mawanga. Miduara ya nyekundu na nyeupe. Nyanya alisema waliochora ni Watwa, watu wafupi waliokuwepo kabla yetu sisi Abasuba, na kwamba ukichezea pale mvua inakuja vibaya. Maneno aliyotumia kunieleza yalikuwa ya Kisuba, na mimi nilikuwa nimeshazoea Kijaluo cha shule, nusu yake sikuelewa. Leo michoro ipo, maneno yake sina. Nawaomba wenye wazee, warekodini kwa lugha zao hata kama hamzielewi vizuri.

Nyamirambo77

Rwanda sisi ni nyayo. Kamonyi kuna jiwe lenye alama za miguu zinazosemwa ni za mfalme Ruganzu Ndoli, na vishimo vya igisoro, bao mnaloliita ninyi, alilokuwa akicheza akipumzika. Baba alinipeleka nikiwa na miaka saba. Nikavua kiatu nikatia mguu wangu ndani ya ule wa mfalme, ukapotea kabisa. Jiwe lilikuwa la moto kwa jua. Nimesoma kwamba hata Hyrax Hill, Nakuru, kuna bao zimechongwa kwenye mwamba. Nani amewahi kuziona atueleze zina mashimo mangapi?

Mchimbaji Mstaafu

Nimesoma wote. Ule ushanga ninao bado, kwenye kopo la dawa ya meno kavu, miaka ishirini na nane sasa. Nimewahi kufikiri kwenda kuutupa palepale tulipoutoa. @MwanaKolo, nifanye nini?

MwanaKolo

Usiutupe, na usiufukie mwenyewe. Lete Kolo. Kijijini kuna kituo cha mambo ya kale, tutawakabidhi, na utaeleza ni jiwe lipi na shimo lilikuwa upande gani, hata kwa faragha. Kisha tutapita kwa mzee mmoja, ndugu yake bibi, umweleze na yeye. Ataanza kwa kukasirika, mwache amalize.

Ukipanda basi la Babati mwambie kondakta akushushe Kolo kwenye kibao. Nipigie simu ukivuka Kondoa mjini, nitakuwa barabarani.