Wanawake waliosahauliwa katika usanifu wa michoro

MwalimuTudor: Jamani, wanafunzi wangu hapa Mombasa wanadhani usanifu wa michoro (graphic design) umejengwa na wanaume tu. Nianze na mifano gani?

BintiKibokoni: Mwalimu, anza na alama za barabarani za Uingereza zilizoanza kutumika 1965. Wengi humtaja Jock Kinneir pekee, na hiyo ni dhuluma: Margaret Calvert alisanifu pamoja naye. Itazame ile alama ya watoto, msichana ndiye anayemshika mkono mvulana! Majina ya miji yana herufi kubwa mwanzoni tu, zinazofuata ni ndogo, ili neno liwe na umbo la kutambulika gari likiwa mbioni.

FundiRangi: Na Susan Kare, aliyechora aikoni, vile vijipicha vya kwenye skrini, za kompyuta ya Macintosh ya 1984. Wape karatasi ya miraba, 32 kwa 32 kama aikoni zake, wajaze kwa kalamu nyeusi, kijivu marufuku. Watakwama kwenye mistari ya mshazari, itaota meno, kwa kuwa mraba haugawanyiki. Waambie wapande mraba mmoja kila wanaposogea mmoja, meno yatalingana.

BiLeso: Leso (kanga) je? Ina pindo, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Jina likiwa refu herufi hubanana, na mtu akishajifunga halisomeki. Wanawake wanaochagua jina nao ni wasanifu, mwalimu.

MwalimuTudor: Shukran sana. Kesho naanza na karatasi ya miraba.