Naomba ushauri: tunawakubali Mobb Deep ila mtaa wetu ni wa Dodoma

Wakuu habari zenu, mi na mshkaji wangu tuko Dom hapa, tunachana hip hop wawili tu na kusema ukweli Mobb Deep, wale wachanaji wawili wa New York, ndo wametulea, ile albamu yao The Infamous ya 1995 Havoc anagonga biti nzito halafu Prodigy (marehemu, 2017) anachana taratibu kama anakunong'oneza, unauona mtaa wao wa Queensbridge wote na New York hujafika. Sasa mwenzangu anataka na sisi tuchane mambo ya bastola, bastola gani bwana? Huku ni vumbi na madogo wanauza zabibu kwenye ndoo, mgambo akitokea wanatimka ndoo kichwani. Mi nataka tuandike hiyo. Je itabaki hadkoo, yaani hip hop ngumu ya mtaani, au watu watacheka? Wazoefu nisaidieni, wiki ijayo tunaingia studio.