Barua ya hospitali: tazameni mkia wa neno

Kutoka: Binti wa Ngamiani (likizo, Tanga)

Ndugu zangu wa Tanga popote mlipo, assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni.

Naandika nikiwa nyumbani, Ngamiani. Wiki iliyopita nyumba yetu ilijaa kilio kwa sababu ya herufi sita, na sipendi yamfike mwingine. Mama ameniridhia niwasimulie.

Mama anaishi na kaka yetu Uingereza. Ilikuja barua ya hospitali ya kumwita. Kaka aliisoma ametoka zamu ya usiku, macho mazito, akapiga simu Tanga: mama anakwenda kutolewa mfuko wa uzazi. Shangazi akaangua kilio, majirani wakaingia, mkeka ukatandikwa, watu wakaanza kusoma Yasini. Nikamwomba kaka anipigie picha ile barua. Yeye alisoma hysterectomy. Barua iliandika hysteroscopy.

Yapangeni juu na chini myaone. Kila moja lina herufi 12. Sita za mwanzo, hyster, ni zilezile, nazo zinatokana na jina la Kigiriki la mfuko wa uzazi. Mbele mfanano, na herufi ya mwisho nayo ni moja. Lakini -ectomy ni kukata na kuondoa. -Oscopy ni kuchungulia ndani kwa kamera nyembamba. Mama alikuwa anaitwa kuchunguliwa tu, na wengi wanaofanyiwa hivyo hurudi nyumbani siku ileile.

Mimi nahudumia wazee huko Uingereza mwaka wa saba sasa, na maneno haya nayaona kila siku kwenye mafaili. Nawaomba msiyaogope kwa urefu wake. Sisi tumekua tukikata maneno: ukisikia "hawakututembelea", hakuna anayekufundisha nani hakuja wala nani aliyengoja. Yale nayo yana vipande. Kichwa hutaja kiungo: gastr ni tumbo, nephr ni figo, hepat ni ini, arthr ni maungio. Mkia ndio unaosema kumetokea nini au patafanywa nini. Ukikuta -itis, hapo pamevimba na huenda pana maumivu. Hepatitis ni ini, arthritis ni maungio, basi.

Penye hatari ni mikia inayofanana. Gastrectomy ni kuondoa tumbo, lote au sehemu yake. Gastrotomy ni kulipasua kulifungua. Gastrostomy ni kutoboa tundu na kuliacha, ili mgonjwa asiyeweza kumeza alishwe kwa mpira. Herufi moja au mbili, na mtu anatia saini jambo jingine kabisa. Kabla ya kusaini, wekeni kidole kwenye mkia, msome herufi moja moja.

Tena wenye wazazi wa kisukari, hili lisiwapite. Hypoglycaemia na hyperglycaemia zinatofautiana kwa herufi chache tu katikati, lakini moja ni sukari kushuka mno na nyingine ni kupanda mno. Waingereza hypo huitamka "haipo". Basi sukari haipo! Mimi nimelishika hivyo na sijalisahau. Mwenye sukari iliyoshuka, kama ana fahamu na anaweza kumeza, anahitaji kitu cha sukari upesi, juisi au chai yenye sukari. Ukimchanganya na yule mwingine ukamchoma insulini, dawa ya kushusha sukari, unaweza kumpoteza. Presha ni vivyo hivyo: hypotension imeshuka, hypertension imepanda.

---

Kutoka: Mtu wa Pangani, Minneapolis

Wa alaykum salaam, dada yangu. Pole sana na mtupelekee pole kwa shangazi.

Naongezea kwa tulio Marekani. Hapa huandika hypoglycemia, ile a ya katikati wameiondoa. Ndivyo ilivyo kwa anaemia ya Uingereza, hapa ni anemia. Umio wa chakula Waingereza huandika oesophagus na Wamarekani esophagus, kwa hiyo kwenye kamusi mmoja atautafuta kwenye O na mwingine kwenye E, kila mtu aseme halimo. Mke wangu alihamia hapa kutoka Uingereza, lilimsumbua mwaka mzima.

Vipimo navyo mviangalie. Huko mtu wa kisukari akishuka chini ya 4 mnasema imeshuka. Mashine za hapa husoma kwa kizio kingine, na mpaka ni 70. Bi mkubwa wangu alipokuja na daftari lake la kliniki ya Tanga, lenye namba za 6 na 7, nesi wa hapa alishtuka kweli.

---

Kutoka: Mama wa Chumbageni, Reading

Mwanangu, ahsante. Mimi niliwahi kusaini karatasi nisiyoielewa kwa kuona haya kuuliza, mbele ya mjukuu wangu aliyekuwa ananitafsiria, mtoto wa miaka 11. Mambo ya ndani ya mwili wangu yakapita mdomoni mwake. Bado linaniuma. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba NHS, huduma ya afya ya taifa huku, hutoa mkalimani bila malipo, ukiomba mapema, hata wa Kiswahili. Wanangu, ombeni. Msiwabebeshe watoto.

---

Kutoka: Binti wa Ngamiani

Mama yangu wa Chumbageni, pole sana, na shukrani kwa kulisema. Kaka alipiga simu kwenye namba iliyo juu ya barua, mkalimani akapatikana, mwanamke, kama mama alivyotaka.

Amekwenda leo asubuhi. Saa tisa za hapa amenipigia mwenyewe, yuko nyumbani anakunywa chai. Wamechukua kipande kidogo cha nyama kwenda kupima, na majibu yatakuja kwa barua. Nimemwambia kaka picha ije kwanza, kabla ya simu kwa shangazi.