Gojira ya 1954: kwa nini Dk. Serizawa alijiua?

FundiRedio: Wakuu, habari za jioni. Jana usiku nimeangalia Gojira, ile ya kwanza ya Wajapani. Nilitegemea dubwana la kubomoa majumba, kumbe filamu nzima ni msiba. Kinachonisumbua ni Serizawa, yule mwanasayansi. Kagundua silaha inayoangamiza oksijeni majini pamoja na kila kilicho hai. Kachoma karatasi zake zote, kashuka nayo baharini kumuua Gojira, halafu kakata mpira wa hewa akafia hukohuko. Karatasi si zilishaungua? Kufa kwa nini tena?

MwalimuMstaafu: Karatasi ziliungua, kichwa je? Mwenyewe anamwambia Ogata, yule aliyezama naye baharini, kwamba akiwa hai, siku moja watamlazimisha aitengeneze tena. Na huyu vita anavijua, lile jicho lililofunikwa ni jeraha la vitani. Nimefundisha fizikia hadi nikastaafu, na maneno yake yananichoma. Kitu kikishajulikana kinavyotengenezwa, kuchana daftari hakusaidii.

Halafu angalia tarehe. Machi 1, 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini, bahari ya Pasifiki, megatani 15 (nguvu ya tani milioni 15 za baruti ya TNT), zaidi ya maradufu ya walivyokadiria. Majivu yenye mionzi yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kazini kwao. Mmoja, Kuboyama, fundi wa redio wa chombo, alifariki Septemba. Filamu ikatoka Novemba 3, mwaka uleule! Rudia dakika za mwanzo: mabaharia wamejipumzisha sitahani, mmoja anapiga gitaa, mara bahari inawaka mwanga, meli inateketea. Mjapani wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa. Hata mwongozaji, Honda, alipigana China, na akirudi nyumbani alipita Hiroshima, mji uliopigwa bomu la atomiki, akaiona ilivyobaki.

BintiKigamboni: Shikamoo Mwalimu. Mimi yule mama aliyewakumbatia wanawe barabarani, anawaambia karibu watakwenda kwa baba yao marehemu, nilishindwa kuendelea. Ila nasikia kuna dada kwenye treni anayesema alinusurika bomu la Nagasaki, mbona kwangu sikumwona?

MwalimuMstaafu: Marahaba binti yangu. Bila shaka uliangalia ya Wamarekani ya 1956, yenye mwandishi wa habari Mmarekani. Maneno yale waliyakata, na inaniuma mpaka leo, maana humo ndimo watu wanazungumzia vita vyao wenyewe. Tafuta ya Kijapani ya dakika 96, hiyo yao ina 80 hivi.

FundiRedio: Asante Mwalimu. Lakini mwingine akiigundua upya je?

MwalimuMstaafu: Ataigundua, fundi. Serizawa alikataa tu isitoke kwake.