Pedali ya distoshoni niliyojiundia inatoa sauti ya mbu, nisaidieni

Mpigasolo_Likoni
Asalaam aleikum wangwana. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya bango (muziki wa dansi wa Pwani), twapiga harusi Likoni mpaka Mtwapa. Pedali za distoshoni za dukani (kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa) bei yake sijaiweza, nikaamua kujiundia. Nilichagua sakiti ndogo kabisa: transista moja (yenye miguu mitatu: kolekta, beisi na emita, ndiyo inayokuza sauti), daiodi mbili za 1N4148 (hukata vilele vya wimbi la sauti) kwenda graundi, yaani upande hasi wa betri, rezista ya ohmu 2.2M kati ya kolekta na beisi, 4.7k kutoka kolekta kwenda betri ya 9V, na 680 chini ya emita. Mchoro ulitaka transista ya 2N3904. Fundi wa Mwembe Tayari hakuwa nayo, akanipa BC547, akasema ni mamoja.

Nikikanyaga swichi, sauti yashuka badala ya kupanda, nyembamba kama mbu sikioni. Nshaichomelea upya mara mbili. Nikiweka adapta ya umeme badala ya betri, mvumo wafunika gitaa lote. Jumamosi tuna shughuli na natamani sana niende nayo. Nimekosea wapi?

FundiRedio_Majengo
Waaleikum salaam. Weka pasi ya kuchomelea chini, shika mita ya kupimia volti. Waya mweusi graundi, mwekundu kwenye kolekta. Wapata volti ngapi?

Mpigasolo_Likoni
8 na pointi.

FundiRedio_Majengo
Basi tatizo ni hapo. Transista ingekuwa yavuta mkondo sawasawa, ile 4.7k ingekula volti kadhaa, ungeona kama 6 hivi. Fundi hakukudanganya, BC547 yafaa kabisa, lakini miguu yake haikupangwa vile. Ishike ubavu bapa ukuelekee, miguu chini. 2N3904 kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. BC547 ni kolekta, beisi, emita. Umeifuata picha ya mchoro, kwa hivyo umeipachika kinyume, na transista iliyogeuzwa haikuzi sauti ila kidogo mno. Ing'oe, igeuze, uirudishe. Usiikaange: sekunde tatu kila mguu, kisha uiache ipoe.

BintiKisauni
Na daiodi zitazame. Mstari wa moja uelekee graundi, wa nyingine uelekee mbali nayo. Zikielekea upande mmoja zakata nusu moja tu ya wimbi.

Mvumo ni adapta. Hizi nyepesi huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na uchafu wake waingia kwenye sakiti ambayo kazi yake ni kukuza kila inachopewa. Baki na betri. Sakiti hiyo haili hata miliampia moja, betri itakaa sana mradi usiiache imeungwa. Jeki ya kuingilia (tundu la waya wa gitaa) weka ya stereo, yenye miguu mitatu, hasi ya betri iende kwenye mguu wa kati wa jeki: ukichomoa waya wa gitaa, betri yazimika yenyewe. Na iingize yote kwenye kasha la chuma lililoungwa graundi. Plastiki haizuii mvumo.

Babu_wa_Bango
Mwanangu, bango haitaki gitaa linalonguruma, saksafoni itazama. 1N4148 hukata wimbi kwenye volti 0.6 hivi. Zitoe, weka taa mbili ndogo nyekundu za LED, nazo hukata karibu 1.7. Sauti yawa kubwa na wazi, yakwaruza pale tu unapochapa nyuzi kwa nguvu. Siku ukitaka ulaini, tafuta daiodi za jermaniamu, zile za kioo kwenye redio kuukuu za mawimbi ya kati. Hizo huanza kukata 0.3. Jeki usinunue za bei ya chini, hewa yetu ya chumvi huzila haraka.

Mpigasolo_Likoni
Nimeigeuza. Kolekta yasoma 6.1. Daiodi moja kweli ilikuwa imeelekea vibaya. Jamani, inalia! Nimepiga mpaka mama amekuja mlangoni kuuliza kuna nini. Shukrani sana nyote. Kesho asubuhi nafuata LED nyekundu na jeki ya stereo, kasha nimeshapata la alumini.

FundiRedio_Majengo
Kabla hujafunga kasha, bandika karatasi ngumu ndani ya kifuniko. Risasi ya kuchomelea ikigusa alumini, pedali itanyamaza katikati ya harusi.