Embiid alifunga pointi 70, bado mnasema "ni mwili tu". Mnakera!

Wakuu salaam.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "Jokić au Embiid", unaolinganisha masenta wawili wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: Jokić, Mserbia wa Denver, na Embiid, Mcameroon wa Philadelphia. Kule watu wameshaacha kikapu wanatukanana wazazi.

Nimekuja na hasira na sitajifanya sina. Kila NBA inapozungumzwa kwenye magrupu yetu, vijiweni, hata kwa hawa wachambuzi uchwara wanaojua kikapu kwa kusimuliwa, akitajwa senta (yule mrefu wa kucheza karibu na goli) aliyezaliwa Afrika maneno ni yaleyale: "Jamaa ana mwili bwana, Mungu kampa." Basi, uchambuzi umeisha, chai iletwe. Akitajwa Jokić, mtu huyohuyo anakaa nusu saa nzima anakuchorea pasi moja: nani alikatiza wapi, beki gani alidanganywa na macho, kwa nini mpira ulitoka sekunde ile na si nyingine. Sawa, Jokić anastahili hiyo nusu saa. Ninachouliza ni hiki: ya Embiid mtaichora lini?

Twende kwenye mpira. Januari 22, 2024, kwetu ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 23, Philadelphia wanacheza na San Antonio. Embiid anafunga pointi 70 na kuokota rebaundi 18. Anaivunja rekodi ya klabu aliyoiweka Wilt Chamberlain, pointi 68, iliyokaa tangu 1967. Upande wa pili yupo Wembanyama, mrefu kuliko yeye, mikono inakwenda mpaka basi. Kama urefu ndio unafunga, ile mechi ilikuwa ya Wembanyama. Sasa angalieni zile 70 zilivyopatikana: mpira wa pointi tatu uliingia mmoja tu. Mitupo huru aliingiza 21 kati ya 23. Zilizobaki zote ni za mbili mbili.

Nieleweshwe hapo. Mtupo huru unahitaji mwili gani? Umesimama peke yako, hakuna anayekugusa, ni mkono na kichwa. Na zile za mbili mbili, anayeziangalia kwa utulivu ataona jamaa anapokea mpira pembeni ya mstari wa mitupo huru, anamgeukia beki, anatulia. Anaangalia mguu wa mbele wa beki umekaaje. Beki akisogea, anampita. Akirudi nyuma, anashuti mbele ya uso wake. Beki wa pili akianza kuja, mpira umeshatoka mkononi au faulo imeshaitwa. Huo ni uamuzi, tena uamuzi wa haraka, usiku kucha. Mnauita "mwili" kwa sababu mmeshazoea kuuita hivyo.

Halafu kuna hii hadithi ya simba (watu wa Yanga tulieni, si huyo). Mwaka 2018 Embiid aliandika mwenyewe kwamba alipofika Chuo Kikuu cha Kansas aliona wenzake hawajui lolote kuhusu Afrika, akaamua kuwapiga kamba kwamba alipokuwa na miaka sita aliua simba ili awe mwanamume. Wakaamini! Huyu ni mtoto wa Yaoundé, mji mkuu wa Cameroon, baba yake afisa wa jeshi, na mchezo aliokuwa akiupenda ni voliboli. Aliwacheka waziwazi. Ajabu ni kwamba wapo Wabongo wanaoirusha ile hadithi kwenye magrupu kama ukweli, eti ndiyo maana jamaa hana woga chini ya goli. Yaani Mcameroon anawatania Wamarekani kwa ujinga wao, sisi tunakimbilia kukaa benchi la wanaochekwa.

Na andiko hilohilo lina utani mwingine ambao huwa hamuurushi. Alipokuwa majeruhi, misimu miwili ya mwanzo hakugusa uwanja kwa sababu ya mguu, anasema alikuwa akiingia YouTube na kutafuta video za wazungu wakishuti pointi tatu, maana kila mtu anasema wazungu ndio washutaji. Akawaiga mkono na kiwiko. Ameushika ubaguzi wenyewe akaugeuza darasa. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayesema anacheza kwa misuli?

Tuhesabu miaka. Embiid alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi. Mwaka 2011 Luc Mbah a Moute, Mcameroon mwenzake aliyekuwa tayari NBA, alimwona kwenye kambi yake na kumfungulia njia ya Marekani. Mwaka 2014 Philadelphia wanamchukua wa tatu kwenye drafti, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya. Msimu wa 2021-22 anaongoza ligi nzima kwa kufunga, mchezaji wa kwanza kutoka nje ya Marekani kufanya hivyo, na senta wa kwanza tangu Shaq mwaka 2000. Msimu unaofuata anaongoza tena kwa wastani wa pointi 33.1, na safari hii anapewa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Wenzake walianza kudunda mpira kabla hawajaota meno ya pili. Mtu anayejifunza kwa kasi hiyo, sisi huku shuleni tunamwitaje?

Wala si jambo la jana. Hakeem Olajuwon wa Lagos alikuwa golikipa wa mpira wa mikono kabla ya kikapu. Kwenye drafti ya 1984 alitangulia kuchaguliwa, Jordan alikuwa wa tatu. Mwaka 1995 David Robinson amekabidhiwa MVP, kisha akakutana na Olajuwon fainali ya Kanda ya Magharibi, akageuzwa mpaka akawa hajui goli liko upande gani. Olajuwon alimaliza mfululizo ule na wastani wa pointi zaidi ya 35. Ile miguu ndiyo waliyokwenda kujifunza kwake Kobe na LeBron, walimfuata nyumbani Texas. Watu hawavuki nchi kwenda kujifunza urefu. Dikembe Mutombo naye, senta wa Kongo, Mungu amrehemu, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na ndoto ya udaktari, akaongea lugha lukuki, akajenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Kwenye magrupu yetu amebaki kidole cha kukataza alichokuwa akitikisa baada ya kupiga bloku, na utani wa umri, kwa kuwa tu alicheza mpaka miaka 42. Kareem Abdul-Jabbar, Mmarekani, alistaafu na 42 pia. Sijawahi kusikia mtu akidai cheti chake cha kuzaliwa.

Sasa nifike kwenye kidonda chetu wenyewe, maana najua mtu ameshaanza kuandika "mbona Hasheem..."

Ndiyo, Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, sentimita 221, kijana aliyekuwa beki bora wa Big East, ligi ya vyuo, mara mbili mfululizo akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn). Memphis wakamchukua wa pili mwaka 2009. Nyuma yake wakabaki Harden wa tatu na Curry wa saba, na hilo tunakumbushwa kila mwaka kama deni la bodi ya mikopo. Msimu wake wa kwanza haujaisha akapelekwa ligi ndogo, mwaka uliofuata akauzwa Houston, baadaye Portland, Oklahoma City, basi. Hakufanikiwa NBA, hilo halina ubishi. Lakini hitimisho lenu ndilo linaloniudhi: "Ndiyo sisi hao, warefu bure."

Hivi mnamkumbuka Darko Miličić? Mserbia. Mwaka 2003 Detroit walimchukua wa pili, wakawaacha Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Naye hakufanikiwa, aliishia benchi na kuhamahama. Na utamu wa kisa ni huu: Darko alikuwa Memphis mpaka kiangazi cha 2009, wakamuuza New York siku ileile ya drafti waliyomchukua Hasheem. Timu ileile, nafasi ileile, nambari mbili wote, wote wakaitwa hasara.

Je, kuna Mserbia aliyewahi kusema "ndiyo sisi hao, warefu bure"? Walisema Darko alichukuliwa mdogo mno, Detroit walikuwa wanatafuta ubingwa na hawakuwa na muda wa kumlea. Ni maelezo ya kimpira. Miaka kumi na kitu baadaye nchi hiyohiyo ikatoa Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, akabeba MVP mara tatu na ubingwa wa 2023. Hakuna aliyemnyooshea kidole kwa ajili ya Darko.

Sisi ya Hasheem hatukuyachambua. Hatukuuliza kwa nini kijana aliyeanza kikapu akiwa mkubwa aliwekwa kwenye timu yenye Marc Gasol na Zach Randolph halafu akapewa dakika za kubabaisha. Hatukuuliza alifundishwa nini zaidi ya kupiga bloku. Tulicheka, tukatengeneza vichekesho, na mpaka leo mtoto mrefu akionekana barabarani anaitwa Thabeet kwa kejeli.

Na madhara yake nayaona kwenye viwanja vyetu vya Dar, ndiyo maana nimewaka. Fika mazoezi yoyote ya vijana. Akija mtoto mfupi, kocha anamfundisha kudunda kwa mikono yote miwili, kupasi, kushuti. Akija mtoto wa futi sita na ushee mwenye miaka 14, anaambiwa: "Wewe simama chini ya goli, mikono juu." Akishusha mpira chini anafokewa. Akijaribu kushuti kwa mbali anatolewa. Miaka minne baadaye kocha huyohuyo anamwambia hana kipaji, hajui kuchezea mpira. Angejulia wapi? Timu moja ya hapa mjini, jina naliacha, ina kijana ambaye nje ya mazoezi anashuti vizuri sana, tumemwona wote. Kwenye mechi haruhusiwi. Nilimuuliza kocha wao kwa heshima zote, akanijibu, "Huyu ni senta bwana, aache sifa."

Mwaka gani huu? Dunia nzima senta ndiye anayechezesha timu, sisi tuna mtu wa kunyoosha mikono.

Jirani zetu wana Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala. Alicheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, akaenda Michezo ya Olimpiki ya 2024 akiwa bado kijana wa miaka 17, akapita Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi, yuko Phoenix. Nilifungua comments za Waswahili siku ile ya drafti: mikono mirefu, Dinka, miguu ya korongo, umri. Ukurasa mzima hakuna aliyezungumzia anavyocheza.

Msinielewe vibaya, Embiid ana madeni. Hajawahi kuvuka raundi ya pili ya mtoano, anaumia mno, kuna wakati anatafuta faulo mpaka mchezo unachosha. Msemeni hapo, nitawaunga mkono. Ila hata kwenye majeraha mnarudi kulekule, "miili ya hivi haidumu". Mwezi Aprili 2024 aliwafunga Knicks pointi 50 upande mmoja wa uso ukiwa umepooza, na goti bovu. Hilo mlilipita kimya.

NYONGEZA: Nimesoma michango mpaka ukurasa wa tatu, nijibu machache.

Mkuu aliyesema naleta ubaguzi wa rangi kila mahali: sijasema Jokić anapendelewa. Jokić mwenyewe mnamwita bonge, mvivu, mtu wa farasi, huo nao ni ushamba. Ninawarudishia maneno yenu mliyoyaandika humuhumu, basi.

Mdau aliyeleta takwimu za asisti: hapo angalau umekuja na hoja, asante. Jokić anapasi zaidi, hakuna anayebisha. Ila kumbuka majukumu. Denver mpira wote unapita kwake, yeye ndiye pointi gadi wao, yaani mchezeshaji, kwa vitendo. Msimu ule Embiid anachukua MVP, aliyekuwa akishika mpira Philadelphia ni James Harden, na Harden ndiye aliyeongoza ligi kwa asisti. Embiid aliambiwa amalizie. Kila mmoja alifanya kazi aliyopewa.

Aliyeandika "msaliti, aliikimbia Cameroon na Ufaransa akachezea Marekani": hilo fungulia uzi wake. Wafaransa walishamzomea Olimpiki nzima na dhahabu akaondoka nayo.

Na dada aliyeuliza afanye nini, mwanawe ana miaka 13, mrefu, na kocha hataki adunde mpira: mnunulie mpira wake mwenyewe, dada. Awahi uwanjani saa moja kabla ya wenzake, adunde kwa mkono wa kushoto kwanza. Kocha akihoji, mwambie mama ndiye kaniagiza. Akikataa kabisa, njoo PM nikuelekeze viwanja ambako hawana upuuzi huo.