Nimeuziwa pawatila ya farasi 12 kwa kibati cha farasi 15, na muuzaji hataki hata kunisikiliza

Wakuu, nimelikalia hili wiki tatu nikijizuia. Leo limenishinda.

Nina ekari mbili na nusu za mpunga huku bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Trekta kubwa kwangu halina kazi. Majaruba ni madogo, na likizama kwenye tope unatafuta trekta jingine la kulivuta. Kwa hiyo miaka yote nakodi pawatila, katrekta ka magurudumu mawili unakokaongoza kwa mikono ukitembea nyuma yake, na kila msimu nasubiri wenye mashine wamalize kwao kwanza, mimi nalima wa mwisho. Mwaka huu nikasema basi. Nikauza ng'ombe wawili, mke wangu akatoa mtaji wake wa vitenge, tukafikisha milioni 3.6. Ukubwa wa mashine niliufikiria: udongo wangu ni mfinyanzi, unanata, nikataka injini ya nguvu za farasi 15 nisiitese rotavata, vile visu vya nyuma vinavyozunguka kukatua udongo.

Nikaipata kwenye yadi moja ya mitumba Morogoro. Kibati cha maelezo ubavuni mwa injini kinasomeka S1100, farasi 15, mizunguko 2200 kwa dakika. Nimefika saa nne asubuhi nakuta imeshawashwa, maji kwenye tangi la juu yanafuka mvuke. Jamaa ananiambia, "Nilikuwa nakupashia, mzee wangu." Akaizima, akanipa hendeli, nikazungusha mara mbili, ikashika. Nikalipa.

Hapo ndipo nilipoibiwa, na wewe unayetaka kununua soma vizuri hapa. Dizeli hizi za silinda moja zikiwa za moto zinawaka hata kama ringi za pistoni zimekwisha. Ya baridi ndiyo inasema ukweli, maana silinda iliyolika haishiki mgandamizo. Kesho yake alfajiri, nyumbani kwangu, mimi na vijana wawili tulipokezana hendeli mpaka viganja vikachubuka. Iliwaka saa tatu, kwa moshi mweupe uliofunika banda zima.

Nikalima nayo siku nne. Siku ya tano napima oili kwa kijiti naona imepanda. Haijapungua, imepanda! Nikamwita fundi. Akailaza mashine usiku kucha bila kuiwasha, asubuhi akalegeza nati ya chini ya kumwagia oili. Yakatoka maji kwanza, maji meupe kabisa, karibu nusu lita, ndipo ikafuata oili ya kijivu, nzito kama uji wa ulezi. Nilisimama pale nikiangalia beseni, miguu imeisha nguvu.

Akafungua silinda hedi, akavuta laina, lile bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Laina ya injini hizi inazungukwa na maji, na kinachozuia maji yasishuke kwenye oili ni ringi mbili za mpira. Hazikuwepo. Kulikuwa na silikoni nyekundu iliyopakwa kwa kidole, unaona hadi alama za kidole chenyewe. Mtu aliifungua injini, akaona mipira imekufa, na badala ya kuweka mingine, kitu cha bei ndogo kabisa, akapaka gundi na kufunga ili iamke siku ya mteja tu.

Nikapanda basi kufuata spea Gerezani, Dar es Salaam. Nimenunua pistoni, ringi na laina za S1100 kama kibati kinavyosema. Narudi, fundi anaweka laina mpya, haiingii. Akachukua vernia akapima ya zamani: milimita 95. Akapima tena. 95. Akaniangalia bila kusema neno.

Kwa wasiojua, namba za injini hizi zinajieleza zenyewe. Moja ya mwanzo ni silinda moja, zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. S195 ni milimita 95, S1100 ni milimita 100. Mwendo wa pistoni ni uleule, 115, lakini ujazo ni sentimita za ujazo 815 dhidi ya 903, na nguvu ni farasi 12 dhidi ya 15. Mimi nimeuziwa S195 iliyovishwa kibati cha S1100. Tulipokiangalia kibati sawasawa, injini nzima ina kutu chini ya rangi, lakini ribiti mbili zinazokishika zinang'aa kama zimetoka dukani jana.

Nimerudi yadi na kibati mkononi. Jibu: vitu vya mtumba ndivyo vilivyo, uliijaribu mwenyewe ikawaka, na risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Nikapita kituo cha polisi, nikaambiwa hiyo ni kesi ya madai.

Uchakavu ninaukubali, jamani. Ringi zilizokwisha ningevumilia, mikanda iliyochanika ningenunua mingine, visu vya rotavata nilivikuta vimebaki nusu na sikulalamika. Lakini kibati hakichakai kikawa namba nyingine! Mtu alishika drili akatoboa, akapiga ribiti, akijua anachofanya. Na risiti yake mwenyewe imeandikwa "pawatila S1100 farasi 15". Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Hayo maneno ya "hairudishwi" yanamlinda vipi mtu aliyeandika uongo mstari wa juu yake?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa chini ndio tunaolengwa. Tangu mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza wa 2009 pawatila zimeletwa kwa wingi, na huku kwetu nimeziona kwa macho yangu zimeegeshwa nyuma ya ofisi na kwenye magodauni ya vikundi kwa kukosa spea na mafundi. Mashine kama hizo ndizo zinazonyofolewa na kupigwa rangi. Kupima zana za kilimo ni kazi ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo pale Arusha, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Ya mtumba ya yadini inapimwa na nani? Aliyeniuzia mimi alikuwa yeye na kopo lake la rangi.

NYONGEZA: Mmeniuliza hali ya sasa. Spea za 100 duka limekubali kunibadilishia, nauli imeniuma lakini nawashukuru. Fundi anasema beringi za krenki nazo zimeliwa na yale maji, kwa hiyo kuna laki kadhaa nyingine mbele yangu. Shamba nimekodi mashine ya jirani, nimelima wa mwisho kama kawaida. Mke wangu hajanilaumu hata mara moja, na mtaji wake umelala kwenye gunia barazani kwa fundi, vipande vipande.

Kibati nimekitia kwenye bahasha pamoja na risiti, na natafuta mwanasheria. Naomba aliyenunua pawatila ya mtumba miaka hii miwili mitatu aende akaangalie ribiti za kibati chake, na mkifungua injini mpime laina. Mkikuta yenu imefanyiwa hivi, nitumieni ujumbe na picha. Peke yangu watanizungusha.